Mtoto Akipungua Mbio, Fungua Daftari Kwanza

Mwaka 1980 huko Moscow, Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita kando ya ziwa letu, alipata medali ya fedha katika mbio za mita 5,000. Alitumia dakika 13 na sekunde 21.60. Miruts Yifter wa Ethiopia, aliyemshinda, alitumia dakika 13 na sekunde 20.91. Mwezi Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni kwa kumzidi mwenzake wa Ujerumani sehemu 3 tu za mia za sekunde. Wazazi wengi wakisikia hayo hudhani kuwa hesabu za sekunde ni mambo ya wakubwa. Sisi tunasema zinamhusu hata mtoto wa darasa la sita anayejiandaa kwa UMITASHUMTA, na faida yake ya kwanza ni afya.

Katika shule zetu nyingi mwalimu wa michezo huandika nani amekuwa wa kwanza na nani wa pili, basi. Lakini nafasi haisemi mengi. Mtoto aweza kuwa wa kwanza kila siku huku mbio zake zinapungua, kwa sababu wenzake nao wamechoka. Muda ulioandikwa haufichi jambo hilo.

Daftari la shilingi chache na saa ya simu ya mkononi vinatosha. Kama uwanja haujapimwa, msihangaike. Chagueni mzunguko mmoja na msiubadilishe. Kila baada ya wiki mbili mtoto akimbie masafa mafupi, kama mita 100, na siku nyingine masafa marefu, kama mita 1,500. Iwe asubuhi, kwa maana jioni upepo wa ziwani huharibu hesabu. Nyumbani naye mama au baba amhesabie mapigo ya moyo kwa dakika nzima, mtoto anapoamka, kabla hajainuka kitandani. Kazi hii kaka au dada mkubwa anaiweza vizuri.

Sasa tuchukue mfano. Binti alikuwa akikimbia mita 1,500 kwa dakika 5 na sekunde 20. Baada ya wiki mbili ni 5 na 26, kisha 5 na 35. Mita 100 anakimbia kama zamani. Mapigo yake ya asubuhi yamepanda kutoka 64 hadi 76. Kocha asiye na daftari atasema binti amekuwa mvivu, amuongezee mizunguko, pengine na fimbo. Hapo ndipo tunapoomba mkono uzuiwe! Mbio fupi hutegemea zaidi nguvu iliyomo tayari katika misuli. Mbio ndefu hutegemea damu inayopeleka oksijeni. Mbio ndefu zikishuka peke yake na mapigo yakapanda, damu yaweza kuwa imepungua. Daftari halithibitishi ugonjwa, lakini linatosha kumpeleka mtoto zahanati.

Na kwetu sababu za kupungukiwa damu hazitafutwi mbali. Malaria ipo. Minyoo ya safura huingia kupitia ngozi ya miguu, na watoto wetu wengi hukimbia peku. Kisha kuna kichocho. Wanaoishi Ukerewe, Sengerema, Magu na vijiji vyote vya ufukweni wanajua watoto wanavyooga, kuchota maji na kuvua kwenye maji yale yale wanamoishi konokono wa ugonjwa huo. Kichocho cha tumbo huleta maumivu, kuhara na damu katika choo kikubwa. Kile cha mkojo, kinachopatikana zaidi kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga, huleta damu katika mkojo. Mtoto huona haya kusema. Muulizeni kwa upole, tena faraghani.

Kwa wasichana liongezwe jambo moja katika daftari: siku za hedhi. Damu nyingi kila mwezi hupunguza nguvu. Na zikikoma miezi mitatu kwa msichana anayefanya mazoezi makali, mara nyingi ni kwamba chakula hakilingani na kazi. Asipongezwe kwa wembamba, aonwe na mganga.

Zahanati waombeni wapime wingi wa damu, malaria, choo na mkojo. Msinunue dawa dukani kwa kubahatisha, kwa sababu dawa ya kichocho hutolewa kwa kufuata uzito au kimo cha mtoto. Mwenye homa asikimbie kabisa. Nyumbani apewe dagaa, maharage na mboga za majani pamoja na chungwa au limau. Chai ingoje saa moja baada ya chakula, kwa kuwa huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini.

Damu hujengwa kwa majuma, si kwa siku. Aanze kwa kutembea, kisha mbio za polepole, mapigo yakiendelea kuandikwa kila asubuhi. Yakirudi karibu na 64 ya awali, mwalimu aweza kumpima tena mita 1,500 kwenye mzunguko ule ule.