Mwalimu wa malezi asishike fimbo

Katika shule nyingi za sekondari za kata hapa Tanzania, mwalimu wa malezi huteuliwa kwenye kikao cha walimu, baada ya ratiba na zamu kujadiliwa. Hapunguziwi vipindi. Ana Jiografia yake ya kidato cha pili na cha tatu, ana zamu yake, na sasa anakabidhiwa pia mtoto anayeshinda njaa, binti anayesumbuliwa na mjomba nyumbani, na mvulana aliyeacha kuongea tangu afiwe na mama.

Mzigo huo ni mzito, lakini kikwazo kikubwa zaidi ni kwamba mwalimu huyohuyo mara nyingi yumo kwenye kamati ya nidhamu. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini yake kwa maandishi, kuchapa viboko visivyozidi vinne. Mwanafunzi mtoro, ambaye kisa cha utoro wake ni kumuuguza bibi yake, atamwendeaje jioni mtu aliyemchapa asubuhi mstarini? Hatakwenda. Daftari la malezi litabaki tupu, na mthibiti ubora akija ataambiwa shule haina matatizo.

Hata mtoto akisema, safari bado. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Afisa ustawi wa jamii yuko halmashauri, na kutoka kata za pembezoni nauli anaitoa nani? Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa chini ya elimu bila ada mwaka 2016, Sh25,000 kwa mwanafunzi wa sekondari kwa mwaka, inagombewa na chaki, mitihani na ukarabati. Mwalimu hutoa mfukoni mara ya kwanza, hata ya pili. Ya tatu, shauri humalizwa kwa fidia baina ya wazee, na binti hurudi nyumba ileile. Ipo simu ya bure ya watoto, 116, lakini shuleni simu ni marufuku kwa mwanafunzi.

Kumtoa mwalimu wa malezi kwenye kamati ya nidhamu hakuhitaji bajeti. Mkuu wa shule anaweza kufanya hivyo Jumatatu. Kupunguza vipindi vyake na kutenga nauli kunahitaji uamuzi wa halmashauri, na uamuzi huo umechelewa: tangu Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021, wasichana waliokatisha masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi darasani, na wanaporudi pawepo mtu mwenye nafasi ya kuwauliza mtoto wamemwacha na nani.