Maradhi Ambayo Dawa Yake Hutoka Jikoni

Hakuna jambo limtialo mama simanzi kama kumwona mtoto anayekula lakini hanenepi. Uji hunywewa wote, mkate wa asubuhi haubakizwi. Hata hivyo mikono na miguu huzidi kuwa myembamba, tumbo huvimba likatokeza mbele, na choo huwa kingi, laini, cheupecheupe, chenye mafuta na harufu mbaya. Mtoto huwa mkali, hulia bila sababu, wala hataki kucheza na wenzake. Majirani husema ni minyoo, na aghalabu husema kweli. Dawa ya minyoo ikishindwa, maneno mengine huanza, na jina la mganga hutajwa. Mama naye, kwa huruma yake, humwongezea mwanawe chakula; na kwa kuwa mkate, maandazi na chapati ndivyo vipendwavyo na watoto, huongeza vitu hivyo hivyo.

Miongoni mwa watoto wa namna hii wamo wachache ambao kinachowadhoofisha ni ule mkate wenyewe. Wataalamu huyaita maradhi yao seliaki. Katika nchi za Ulaya na Marekani ya Kaskazini huwapata watu wapatao mmoja katika kila mia. Kwetu sisi, ambako wengi wamelelewa kwa ugali, mihogo, mtama na ndizi, ni waganga wachache wanaoyakumbuka wanapomtazama mtoto mwenye kuharisha. Lakini ngano si chakula cha wageni tena. Siku hizi mtoto wa mjini huanza na mkate, akaenda shule na andazi, akarudi nyumbani akakuta chapati.

Ngano, shayiri na nafaka ya nchi za baridi iitwayo rai zina protini moja ijulikanayo kama gluteni. Hiyo ndiyo inayoufanya unga wa ngano uvutike ukikandwa, na ndiyo inayomwezesha mpishi kuisukuma chapati ikawa nyembamba bila kuchanika. Kwa watu wengi haina madhara yoyote. Lakini kwa mtu aliyerithi mwelekeo fulani katika damu ya ukoo wake, kinga ya mwili huweza kuiona gluteni kuwa adui, na katika kupigana nayo ikauumiza utumbo mwembamba. Ndani ya utumbo huo mna vijinyweleo vidogo mno, vilivyosimama kama nyuzi za zulia, ambavyo kazi yake ni kufyonza chakula na kukipeleka katika damu. Vikiharibika, utumbo hubaki mtupu kama sakafu ya saruji, na chakula hupita tu. Maradhi haya hayaambukizi. Wala hayamtoki mtu kwa kuwa amekua.

NDIZI ZA NEW YORK

Ugonjwa huu si mpya. Tabibu wa Kigiriki aitwaye Aretaeus aliueleza yapata miaka elfu mbili iliyopita, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya tumbo. Mwaka 1888, daktari wa watoto wa London, Samuel Gee, aliandika juu yake kwa makini, akasema kwamba kama kuna mgonjwa atakayepona, basi atapona kwa njia ya chakula. Hakujua ni chakula gani. Alipata kumwona mtoto aliyenawiri kwa kulishwa kome wa pwani kila siku, na msimu wa kome ulipokwisha mtoto akadhoofika tena.

Mwaka 1924, Sidney Haas wa New York alitangaza tiba iliyowashangaza wengi, nayo ilikuwa ndizi. Aliandika habari za watoto kumi. Wanane aliowalisha ndizi kwa wingi na kuwakataza mkate walipata nafuu. Wawili ambao hawakupewa tiba hiyo walikufa. Msomaji aliyezaliwa penye migomba atafurahi kusikia hayo, lakini ukweli ni kwamba ndizi haikuwa dawa. Iliwaponya watoto kwa sababu ilikikalia kiti cha mkate. Daktari Haas hakulitambua hilo. Alidhani kwamba mtoto aliyekwisha kupona aweza kurudia mkate, na kwa ushauri huo watu wengi walirudia ngano, wakaendelea kuumia kwa miaka mingi wakidhani wamepona.

Aliyelifungua fumbo hili ni Mholanzi, Willem Karel Dicke, aliyekuwa mkuu wa hospitali ya watoto katika mji wa The Hague tangu 1936. Yasemekana kwamba aliyemzindua ni mama mmoja, aliyemweleza kwamba mwanawe hupata nafuu kila amwondoleapo mkate. Daktari mwingine angelipuuza neno hilo. Dicke alianza kuwalisha wagonjwa wake bila ngano na kuandika yaliyotokea.

Kisha yakaja majira ya baridi ya 1944 na 1945. Majeshi ya Ujerumani yalikuwa yameishika Uholanzi, na chakula hakikuingia katika miji ya magharibi. Watu walikula hata vitunguu vya maua ya tulipu, na maelfu wakafa kwa njaa. Mkate ulikuwa haba mno. Katika dhiki hiyo watoto wenye seliaki walionekana kupata nafuu ilhali wenzao walikuwa wakikonda, na mkate uliporudi mwaka 1945, nao wakarudi katika ugonjwa. Njaa hiyo ilimthibitishia Dicke jambo alilokuwa akilishuku tangu kabla ya vita. Mwaka 1950 alitoa maandishi yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht, na pamoja na wenzake akaonyesha, kwa kupima mafuta yaliyomo katika choo cha watoto, kwamba lawama ni ya ngano na rai.

UNGA WA MSAADA

Miaka hamsini baadaye jambo kama hilo lilionekana katika bara letu, safari hii kwa upande wa kinyume. Tangu 1975, Wasaharawi wengi wa Sahara ya Magharibi walikimbia vita na kupiga kambi jangwani karibu na Tindouf, nchini Aljeria. Wazee wao walikuwa wafugaji waliokula maziwa ya ngamia, nyama na tende, na nafaka kidogo tu. Katika ukoloni wa Kihispania, na zaidi katika maisha ya kambini, ngano ikawa tegemeo lao, kwani unga wa ngano umekuwa nguzo ya chakula cha msaada.

Mwaka 1999 madaktari walitangaza matokeo ya kuwapima watoto 990 wa Kisaharawi. Kati ya kila mia, watano au sita walikuwa na seliaki. Hakuna taifa lililopata kuandikwa kuwa na kiwango kikubwa kuliko hicho. Aliyetoa unga alitoa kwa nia njema, na mama aliyeuoka mkate alikuwa akimwokoa mwanawe na njaa. Mtu wa mjini aweza kuacha chapati akanunua mchele. Mkimbizi aliyeko jangwani hula kile alichogawiwa, na akiambiwa aache ngano ana haki ya kuuliza atakula nini badala yake.

DALILI ZISIZOTAJA TUMBO

Jambo linalowapoteza wengi ni kwamba seliaki haiji sikuzote kwa kuharisha. Mtu mzima aweza kuwa na choo cha kawaida, hata kufunga choo, na huku mwili wake unakosa vitu muhimu. Wa kwanza kupungua huwa upungufu wa madini ya chuma. Mwanamke hupewa vidonge vya kuongeza damu mwezi baada ya mwezi, na damu haipandi, kwa kuwa utumbo haufyonzi vidonge hivyo kama vile usivyofyonza mboga. Akikosa kalisi na vitamini D, mifupa huwa myepesi na kuvunjika kwa kuanguka kidogo. Mtoto hudumaa, na kijana huchelewa kubalehe. Wako wanawake ambao mimba zao zimetoka mara kwa mara, au wamekaa muda mrefu bila kushika mimba, wakalaumiwa na wakwe, kumbe asili ya shida ni utumbo.

Wengine hutokwa na vipele vya maji viwashavyo mno kwenye viwiko, magoti na matako. Hiyo nayo ni sura moja ya ugonjwa huu. Kadhalika seliaki hupenda kufuatana na maradhi mengine ya kinga ya mwili, hasa kisukari kile kinachowapata watoto na vijana wanaohitaji sindano za insulini, na maradhi ya tezi ya shingoni. Ikiachwa miaka mingi, kwa watu wachache huweza kuleta saratani ya utumbo.

Hata hivyo asiwepo mtu atakayefunga gazeti hili na kuamuru ngano yote itupwe. Katika nchi zetu kuharisha na kukonda hutokana kwanza na maji machafu, minyoo, utapiamlo, kifua kikuu na Ukimwi, na hayo ndiyo ya kupimwa mapema. Tena, anayeshuku seliaki asiache mkate kabla ya kupimwa. Kipimo cha damu hutafuta alama za vita vile ndani ya mwili, na ngano ikiondolewa, vita hupoa na alama hutoweka. Baada ya damu, daktari aghalabu huingiza mpira mwembamba kwa njia ya kinywa akachukua kipande kidogo cha utumbo kukitazama kwa hadubini. Vipimo hivi hupatikana katika hospitali kubwa tu, na gharama yake si ndogo. Mgonjwa akithibitika, ndugu zake wa tumbo moja na wazazi nao wapimwe, kwa sababu yapata mmoja katika kila kumi wao huweza kuwa nayo.

CHUNGU CHA PEKEE

Hakuna kidonge cha kuiponya. Tiba ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote. Hapo ndipo mama wa Maziwa Makuu anapokuwa na bahati kuliko mwenzake wa Ulaya, anayelazimika kununua unga maalumu wa bei kubwa. Mahindi, mtama, ulezi, uwele, mchele, mihogo, viazi, magimbi, ndizi, maharage, kunde, karanga, samaki, nyama na mayai havina gluteni. Mtoto apendaye vitamu na apikiwe vitumbua au mkate wa kumimina, ambavyo hutengenezwa kwa mchele. Kwa kuongeza damu, dagaa, maharage na mboga za majani visikosekane. Maziwa huenda yakamsumbua kwa majuma ya kwanza, lakini utumbo ukianza kupona huyavumilia.

Taabu imo katika kuchanganya. Gluteni ya makombo tu ya mkate, miligramu 50 kwa siku, yatosha kuudhuru utumbo. Mashine ya kusaga iliyomaliza ngano ya mtu wa kwanza huacha vumbi lake katika ulezi wa mtu wa pili. Unga wa lishe wa sokoni, ule unaosifiwa kwa watoto wanaokonda, mara nyingi umetiwa ngano, na ndio unaomiminwa kwa wingi katika kikombe cha mtoto asiyeuweza. Afadhali mama anunue ulezi na mahindi kwa punje, ayachague, na kuyatwanga kwenye kinu cha nyumbani kisichoguswa na ngano. Vitumbua visikaangwe katika mafuta yaliyotoa maandazi. Chekeche, mwiko na kikaango cha mgonjwa viwe vya peke yake, na hilo watoto wote wa nyumba waambiwe. Mchuzi wa hotelini uliofanywa mzito kwa unga, soseji, kababu, tambi, bajia za dengu zilizochanganywa na ngano, na bia ya shayiri, vyote ni vya kuulizia.

Nafuu huja mapema. Kuharisha hupungua kwa majuma machache, na mtoto huanza kuongezeka uzito na urefu. Kwa mtu mzima utumbo waweza kuchukua miaka miwili au zaidi kupona kabisa. Nafuu hiyo ina hila yake. Kijana aliyekwisha kupata nguvu huonja andazi kwa rafiki, haoni maumivu, akaonja tena, na utumbo ukaharibika kimya kimya kama walivyoharibika wale wa Daktari Haas. Ndiyo sababu mgonjwa hurudi kupimwa damu na uzito kila mwaka.

Kilicho kigumu kuliko upishi ni ugeni. Kwetu kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima, na shangazi aliyeamka usiku kusukuma chapati za arusi hapendi kusikia habari za utumbo. Wazazi wafanye vema kwenda kumweleza mapema, si siku ya sherehe mbele ya watu. Hata kanisani lipo la kusemwa, kwa kuwa hostia ya Wakatoliki ni ya ngano. Mwaka 2003 Vatikani ilieleza kwamba hostia isiyo na gluteni kabisa haifai, ila yenye gluteni kidogo mno yakubalika, na asiyeiweza hata hiyo anaweza kupokea kwa divai peke yake. Padre aambiwe kabla ya Misa, na kikombe cha mgonjwa kisiwe kile ambacho kipande cha hostia kimetiwa ndani yake.