Kupe Aliyezoea Dawa

Chini ya sikio la ng'ombe kuna tezi ambayo kila mfugaji wa Ankole, magharibi mwa Uganda, anaijua kwa vidole vyake. Ikivimba, na ng'ombe akaacha kula, akajitenga na kundi na kuanza kuhema kwa shida, Wanyankole husema ni amashuyo. Kwa Kiswahili ni ndigana kali. Madaktari wa mifugo duniani huiita homa ya pwani ya mashariki, kwa sababu iliingia kusini mwa Afrika mwanzoni mwa miaka ya 1900 pamoja na ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani ya Afrika Mashariki. Inakadiriwa kuwa huua ng'ombe wapatao milioni 1 kila mwaka barani Afrika.

Kinachoua ni kimelea kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe wa kahawia anayependa kujificha sikioni. Kupe hukinyonya kutoka kwa ng'ombe mmoja angali mdogo, huanguka, hujivua ngozi akiwa majanini, kisha hupanda ng'ombe mwingine. Hamwambukizi papo hapo. Kimelea huhitaji siku tatu au nne kukomaa kwenye tezi za mate za kupe aliyekwisha kung'ata. Ndiyo maana ng'ombe wa maziwa wa kigeni huogeshwa mara mbili kwa wiki: ili kupe afe kabla ya siku hizo kutimia.

Kikishaingia mwilini, kimelea huvamia chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, na kuzifanya zizaane ovyo kama chembe za saratani. Mwishowe mapafu hujaa maji. Ng'ombe asiyetibiwa mapema anaweza kufa ndani ya wiki tatu au nne. Ndama wa asili wa Ankole, mwenye pembe ndefu, huzaliwa na ustahimilivu fulani. Ng'ombe wa kigeni aina ya Friesian na machotara wake, ambao maziwa yao ndiyo yanayojaza matangi ya Mbarara, hawana.

Kwa miaka mingi mfugaji alitegemea dawa ya kuogeshea. Leo anapuliza, na kupe hafi. Dkt. Patrick Vudriko wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzake waliichunguza hali hii, na mwaka 2016 wakachapisha matokeo kutoka mashamba ya magharibi na kati mwa Uganda. Kipimo chenyewe ni rahisi kukieleza: kupe majike walioshiba hukusanywa na kuachwa watage, watoto wao hutiwa kwenye pakiti za karatasi iliyolowekwa dawa, kisha baada ya saa 24 wafu na wazima huhesabiwa. Waliobaki hai walikuwa wengi mno, hasa mbele ya dawa zilizotengenezwa kwa kuiga sumu ya ua la pareto. Palikuwa pia na kupe waliostahimili zaidi ya kundi moja la dawa.

Dawa haimfundishi kupe ushupavu, inamchagua. Mfugaji akizidisha maji ili chupa idumu, kupe dhaifu hufa na sugu hubaki. Jike mmoja sugu hutaga mayai maelfu, na malisho hujaa kizazi chake. Kubadilisha chupa pekee hakusaidii, kwani majina tofauti dukani huficha sumu ya kundi lile lile. Kuchanganya dawa mbili kwa kubahatisha huzidisha hasara.

Hapo ndipo Nakivale inapoingia. Makazi haya ya wakimbizi wilayani Isingiro, miongoni mwa makazi makongwe zaidi barani Afrika, yamezungukwa na nchi ya wafugaji. Ng'ombe hunywa maji ya ziwa moja na kupita kwenye nyasi zile zile. Kupe hajui mpaka kati ya Mkongomani, Mrundi na Mnyankole. Zizi moja likipulizwa dawa hafifu, majirani wote hulipa.

Chanjo ipo. Ilibuniwa Muguga, Kenya, katika miaka ya 1970: ng'ombe huchomwa kimelea hai na, siku hiyo hiyo, dawa ya oksitetrasaiklini ya kudumu muda mrefu, naye hupata kinga ya miaka mingi. Lakini lazima itunzwe katika naitrojeni ya majimaji, na haizuii ndigana baridi wala magonjwa mengine ya kupe. Kwa hiyo bado kupe lazima adhibitiwe.

Ndugu mfugaji, pima maji kama lebo inavyosema. Lowesha ng'ombe mwili mzima, usisahau ndani ya masikio, chini ya mkia na kwenye kiwele. Muulize daktari wa mifugo dawa yako ni ya kundi gani, na usiihame bila ushauri wake. Ukiona kupe wazima baada ya kuogesha, usiongeze makali: wapeleke kwa daktari wapimwe. Na kabla ya yote, kubalianeni na majirani siku moja ya kuogesha, kwa sababu kupe unayemwacha leo kwako, kesho yuko kwa mwenzako.