Deni Lililosubirishwa: Sheria ya Ufilisi ya Uingereza na Biashara Zetu Baada ya Korona

Tarehe 4 Julai 2020 migahawa na saluni za England ziliruhusiwa kufungua tena baada ya zaidi ya miezi mitatu. Leicester haikuwemo. Mji huo, ambao Kiswahili kimesikika madukani mwake tangu Waasia waliofukuzwa na Idi Amin walipohamia mwaka 1972, ulikuwa wa kwanza nchini kuwekewa masharti yake peke yake, na migahawa yake ilikaa imefungwa hadi Agosti. Kodi ya pango iliendelea kuhesabiwa. Waliokopesha mchele, nyama na mafuta ya kupikia nao walitaka chao.

Siku za kawaida, sheria haina subira na kampuni iliyofika hapo. Anayedai zaidi ya pauni 750 huipelekea hati rasmi ya madai. Siku 21 zikipita bila malipo, anaweza kwenda mahakamani kuomba kampuni ifilisiwe. Ombi likishatangazwa katika The Gazette, gazeti rasmi la serikali, benki kwa kawaida hufunga akaunti, na hapo hata biashara iliyokuwa bado inajikongoja huanguka.

Bunge lilichukua muda wa wiki tano hivi kupitisha Corporate Insolvency and Governance Act, iliyoanza kutumika 26 Juni 2020. Sehemu yake iliyogusa watu wengi ilikuwa ya muda tu. Hati za madai zilizotolewa kuanzia 1 Machi 2020 hazikuweza kutumika kuomba kampuni ifilisiwe, na mdai aliyetaka kwenda mahakamani kwa njia nyingine alipaswa kuwa na sababu za kuamini kwamba kampuni ingeshindwa kulipa hata kama Korona isingekuwapo. Zuio hilo liliongezwa mara kadhaa hadi mwisho wa Septemba 2021. Likafuatiwa na kipindi chepesi zaidi, hadi 31 Machi 2022, ambapo deni lilipaswa kufika pauni 10,000 na mdaiwa apewe siku 21 za kupendekeza atalipaje.

Hakuna hata senti iliyosamehewa, na wengi walilielewa hilo vibaya. Mwaka 2019 kampuni zaidi ya 17,000 zilifilisika England na Wales. Mwaka 2020, mwaka wa janga lenyewe, zilikuwa chini ya 13,000. Zuio lilipoondoka, idadi ilipita 22,000 mwaka 2022, kisha 25,000 mwaka 2023, kiwango kikubwa kuliko chochote tangu 1993. Korona haikuwa sababu pekee, kwani bei za umeme na riba zilikuwa zimepanda. Lakini nyingi kati ya kampuni hizo zilikuwa zimeshashindwa mapema, ila hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa.

Sheria hiyohiyo iliacha pia mambo ya kudumu. Kampuni inaweza kuomba wadai wasimamishwe kwa siku 20 za kazi, kisha 20 nyingine bila kuwauliza wadai, chini ya mwangalizi ambaye ni mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni. Kuna pia mpango wa kupanga upya madeni, ambao mahakama inaweza kuuidhinisha hata kama kundi moja la wadai limeukataa. Virgin Atlantic ndiyo iliyokuwa ya kwanza kuutumia, na mahakama iliuidhinisha Septemba 2020. Kenya nayo ilirekebisha Sheria yake ya Ufilisi mwaka 2021 na kuweka muhula kama huo wa siku 30, jambo la kukumbuka kwa wenye kampuni Nairobi au Mombasa.

Kwa maoni yangu, vifaa hivi vilishonwa kwa kipimo cha shirika la ndege. Mwenye saluni Reading anayeomba muhula wa siku 20 lazima amlipe mwangalizi, alipe mishahara, alipe kodi ya pango ya siku hizo, na kubwa zaidi, aendelee kulipa mkopo wa benki, maana madeni ya benki hayasimamishwi. Akiyaweza hayo yote, yumkini hakuhitaji muhula.

Kilichowasaidia wadogo ni mikopo ya Bounce Back, iliyoanza 4 Mei 2020. Ilikuwa kati ya pauni 2,000 na 50,000, kwa riba ya asilimia 2.5, bila rejesho kwa miezi 12 ya kwanza, na serikali ikaibebea benki dhamana yote. Mkurugenzi hakudaiwa dhamana yake binafsi. Sharti lilikuwa fedha zitumike kwa faida ya biashara. Sote tumesikia habari za waliozituma nyumbani Afrika Mashariki zikapandisha ukuta na kuezeka paa. Kampuni ikifilisika, mfilisi hupitia taarifa za benki mstari kwa mstari, na Insolvency Service, idara ya serikali ya ufilisi, inaweza kuomba mkurugenzi azuiwe kuongoza kampuni kwa hadi miaka 15. Baadhi waliona njia ya mkato kuwa kuiacha kampuni ifutwe katika daftari la Companies House. Tangu sheria ya Desemba 2021, mkurugenzi wa kampuni iliyofutwa anaweza kuchunguzwa bila kampuni kufufuliwa kwanza.

Kuna jingine ambalo jumuiya yetu haina budi kulijua, nalo haliandikwi sana. Katika miezi ya janga, mahakama ziliagizwa zisimtwike mkurugenzi hasara iliyotokana na kuendelea kufanya biashara huku kampuni ikizama. Wengi wakadhani wamefunguliwa kila mlango. Kanuni nyingine zote zilibaki, ikiwemo inayokataza kumpendelea mdai mmoja. Tuseme kaka yako alikukopesha pauni 8,000 kufungua kampuni ya kusafirisha makontena kwenda Dar es Salaam. Mambo yanaharibika, na kwa kuwa yeye ni damu yako unamlipa kwanza, huku mwenye ghala na mamlaka ya kodi wakisubiri. Kwetu huo ni uungwana. Kwa sheria ya England, malipo kwa ndugu yaliyofanyika ndani ya miaka miwili kabla ya ufilisi, wakati kampuni tayari imeshindwa kulipa, yanaweza kurudishwa, na mahakama inaanza kwa kudhani kwamba ulikusudia kumpendelea. Orodha ya ndugu inataja kaka, dada, wajomba, shangazi, wapwa, wazazi, watoto na wajukuu. Binamu hamo. Asiye ndugu anahesabiwa miezi sita tu, na hapo kusudi lazima lithibitishwe. Kwa hiyo anayechukua fedha za ndugu au za upatu kuweka katika kampuni aandike tangu siku ya kwanza kama ni mkopo, zawadi au hisa, na alipe kwa ratiba, si kwa huruma.

Wengi wetu hata hivyo hatuna kampuni. Mpishi wa sherehe, dereva wa teksi na muuza vitenge mtandaoni ni wafanyabiashara binafsi, na zuio la 2020 halikuwahusu, kwa kuwa lililinda kampuni. Deni la biashara ni deni la mtu mwenyewe, na anayedai pauni 5,000 au zaidi anaweza kuomba atangazwe kufilisika. Ngao yao ilikuja baadaye. Tangu 4 Mei 2021 mdaiwa wa England na Wales anaweza kupata siku 60 za kusimamishiwa riba na madai kupitia mshauri wa madeni, ingawa madeni ya biashara hayaingii kama amejiandikisha VAT. Kwa mwenye kipato kidogo na mali kidogo ipo amri ya nafuu ya deni, ambayo huyafuta madeni mengi baada ya miezi 12. Kikomo cha madeni yanayokubaliwa kilipandishwa kutoka pauni 20,000 hadi 30,000 mwaka 2021, kisha 50,000 mwaka 2024, na ada yake ya pauni 90 ikaondolewa mwaka huohuo. Ombi hupitia kwa mshauri aliyeidhinishwa, kwa mfano wa Citizens Advice. Atakuuliza unamiliki nini, na hapaulizwi ya Uingereza tu. Sheria inahesabu mali popote ilipo, kwa hiyo kiwanja cha Kigamboni au Kitengela huandikwa kwenye fomu, na mara nyingi hicho peke yake hutosha kumwondoa mtu katika mpango huo.