Zamu Iliyofutwa na Udhuru Usiosikika

Neno zamu si geni kwa mzungumzaji wa Kiswahili. Askari hushika zamu langoni, wauguzi hupokezana zamu wodini, nao mabaharia hupeana zamu ya usukani. Katika matumizi yote hayo, zamu ni jambo la watu wawili au zaidi: yuko anayeondoka na yuko anayeingia. Kwa sababu hiyo, asiyeweza kushika zamu yake hutarajiwa kutoa udhuru, na anayeupokea huupima. Mgonjwa husamehewa, mzembe hukaripiwa. Makala haya yanaeleza yaliyoupata udhuru katika kazi ya kupeleka vyakula inayoratibiwa kwa simu ya rununu, ambamo zamu hufutwa kwa kubonyeza kitufe na upande wa pili hakuna mtu wa kuuliza sababu.

Kazi yenyewe hupangwa hivi. Kampuni huigawa siku katika vipindi, naye mpelekaji hufungua programu na kujichagulia vipindi vyake. Aghalabu haitwi mwajiriwa bali mshirika au mkandarasi huru, na husifiwa uhuru wake wa kufanya kazi atakapo na kupumzika atakapo. Waama, kufuta kipindi kunaruhusiwa. Katika huduma ya Amazon Flex, kwa mfano, dereva wa kusambaza vifurushi hutakiwa kukirejesha kipindi angalau dakika 45 kabla ya kuanza kwake. Akichelewa, jambo hilo huingia katika rekodi yake. Ifahamike basi kwamba kitenzi kufuta hapa kinapotosha. Anayefuta ubao huacha ubao mtupu, ilhali anayefuta zamu huandikwa.

Mfano unaoeleweka kwa uketo zaidi ni wa Italia, kwa kuwa huko utaratibu wa ndani wa programu ulianikwa mahakamani. Hadi mwanzoni mwa Novemba 2020, kampuni ya Deliveroo iliifungua ratiba ya wiki iliyofuata kila Jumatatu kwa awamu tatu: saa tano asubuhi, saa tisa alasiri na saa kumi na moja jioni. Walioingia saa tano walichagua walichotaka. Wa mwisho waliokota makombo. Kilichoamua nani aingie lini ni alama mbili. Ya kwanza ilipima kutegemeka kwa mpelekaji, ya pili ilipima kushiriki kwake katika saa za shughuli nyingi, yaani usiku wa Ijumaa hadi Jumapili. Aliyejiandikisha alipaswa kufuta kipindi chake saa 24 kabla. Ambaye hakufuta alitakiwa kuingia kwenye programu, akiwa ndani ya eneo lake la kazi, katika dakika 15 za mwanzo. Kinyume cha hayo, alama ya kutegemeka iliathirika.

Chukua mfano wa mpelekaji aliyejiandikisha kwa Ijumaa usiku. Saa nane mchana siku hiyo mtoto wake anashikwa na homa. Muda wa saa 24 umekwisha kupita. Akifuta, ataonekana hategemeki. Asipofuta na asifike, ataonekana vivyo hivyo. Alama zikishuka vya kutosha, Jumatatu anajikuta katika awamu ya saa kumi na moja, wakati ambapo saa nzuri za chakula cha jioni zimenyakuliwa, anaambulia vipindi ambavyo wateja ni wachache. Na kwa kuwa alama ya pili hupatikana katika saa zile zile za usiku alizozikosa, njia ya kupanda tena imezibwa na kule kushuka kwenyewe. Hakuna aliyemfukuza kazi, wala hakuna barua aliyoandikiwa. Ni saa zake tu zinazopungua.

Mgomo ulikuwa fumbo gumu zaidi. Mgomaji akifuta mapema, nafasi yake huchukuliwa na mwingine, na mgomo wake hauhisiwi na yeyote. Akingoja hadi saa ya zamu ndipo asifike, mgomo una maana, lakini yeye huhesabiwa pamoja na aliyelala fofofo. Vyama vya wafanyakazi vilivyo chini ya shirikisho la CGIL viliipeleka hoja hii katika Mahakama ya Bologna.

Kampuni ilishikilia kwamba wapelekaji ni watu huru wanaojipangia kazi. Upande wake haufai kubezwa kabisa: mkahawa uliokwisha kupika hauwezi kumsubiri asiyekuja, na mteja mwenye njaa hana habari na homa ya mtoto wa mtu. Kampuni ina haki ya kujua nani atafika. Lakini kutafuta wa kushika nafasi ya asiyefika ni jambo moja, na kumshusha daraja bila kumuuliza ni jambo jingine.

Mnamo Desemba 31, 2020, mahakama iliamua kwamba kumtendea sawa aliyekosa zamu kwa sababu hafifu na aliyeikosa kwa ugonjwa, ulemavu, malezi ya mtoto au mgomo ni ubaguzi usio wa moja kwa moja. Kampuni iliamriwa kulipa fidia ya euro 50,000. Kiini cha uamuzi huo kimo katika jambo dogo lililojitokeza kwenye kesi: programu ilikuwa ikizitambua sababu mbili za kukosa zamu, nazo ni ajali kazini na hitilafu ya programu yenyewe. Mfumo unaoweza kusikia nyudhuru mbili unaweza kusikia ya tatu. Upofu wake, kwa hiyo, haukuwa wa kimaumbile. Ulikuwa wa kuchagua.

Tangu hapo sheria zimekuwa zikijongea upande huo. Agizo la Umoja wa Ulaya nambari 2024/2831, lililopitishwa Oktoba 2024, linataka uamuzi wa kuifunga akaunti ya mfanyakazi wa aina hii ufanywe na binadamu, na mfanyakazi aelezwe sababu. Nchi wanachama zilipewa hadi Desemba 2, 2026 kuliingiza katika sheria zao.

Nchini Kenya, ambako pikipiki zenye masanduku ya vyakula zimezoeleka barabarani Nairobi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inagusia suala hili katika kifungu cha 35. Kinampa mtu haki ya kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine pekee ikiwa unamwathiri kisheria au kwa kiasi kikubwa, ingawa kinaacha mwanya pale uamuzi unapohitajika kwa ajili ya mkataba. Hata hivyo, uamuzi wa aina hiyo ukifanywa, mhusika anapaswa kuarifiwa, naye anaweza kuomba uangaliwe upya au ufanywe mwingine usiotegemea mashine peke yake.