Je, Wajua? Umekaa Kimbiji, Lakini Unaenda Kasi Kuliko Ndege

Je, wajua kwamba hapo ulipokaa, chini ya mnazi wa Kimbiji, unasafiri kilometa 1,660 kila saa? Dunia inajizungusha nawe umo juu yake. Ndege ya abiria inayokupita angani haifiki 1,000! Na hapo sijagusa safari ya kulizunguka jua, ambayo dunia huikimbia kwa kilometa 107,000 kwa saa, na chai yako haijamwagika hata tone.

Mwendo usiobadilika hauhisiki, ndiyo siri. Kinachohisika ni kuongeza kasi, kupunguza na kukata kona. Muulize yeyote aliyesimama kwenye daladala dereva akakanyaga breki ghafla: gari limesimama, mwili wake unaendelea na safari. Isaac Newton aliliandika jambo hilo mwaka 1687. Konda analijua bila kulisoma, ndiyo maana hashiki bomba kwa urembo.

Panda treni ya SGR ya Dodoma, ikifika kilometa 160 kwa saa rusha chungwa juu. Chungwa likikaa hewani sekunde moja, treni imeshasogea mita 44. Je, litaangukia behewa la nyuma? Wapi! Linarudi kiganjani mwako, kwa kuwa nalo lilikuwa likikimbia pamoja na treni tangu mwanzo.

Unataka kupungua bila kujinyima ugali? Usihame pwani. Mtu wa kilo 80 hapa Kimbiji, akipelekwa Ncha ya Kaskazini na kuning'inizwa kwenye mizani ya springi, ataonekana ameongezeka karibu gramu 400. Hajala kitu. Huku kwetu, karibu na ikweta, mzunguko wa dunia unampunguzia uzito kidogo, na tena dunia imevimba kiunoni, hivyo tuko mbali zaidi na kitovu chake.

Mzunguko huohuo umewahi kusaidia kurusha setilaiti kutoka pwani hii ya Waswahili. Ndiyo, setilaiti! Tarehe 12 Desemba 1970, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, roketi ilipaa na setilaiti ya Marekani iliyotengenezwa kutafuta miale ya eksirei angani, ya kwanza ya aina yake. Waliirusha Waitaliano. Na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake, setilaiti ikaitwa Uhuru. Kwa nini Malindi? Kukaa juu angani kunahitaji kasi ya kilometa 27,000 hivi kwa saa, na karibu na ikweta dunia inakupa zaidi ya 1,600 bure kabla hujawasha injini. Nani atakataa lifti ya namna hiyo?

Tuteremke kwenye dafu. Unadhani unalivuta maji yake kwa mrija? Hapana bwana, hewa ndiyo inayoyasukuma! Wewe unaondoa hewa iliyomo ndani ya mrija tu, na hewa ya nje, inayokandamiza kila mita moja ya mraba kwa uzito wa tani 10, inayapandisha maji mpaka mdomoni. Lakini haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi. Kwa hiyo mkwezi akilitoboa dafu juu ya mnazi wa mita 15 na kukushushia mrija mrefu kutoka huko, nyonya mpaka mashavu yapasuke, hupati hata tone... Ehe, nakusikia: dafu liko juu, si maji yatashuka yenyewe? Kweli kabisa, hapo umenikamata! Basi geuza: dafu liwe chini, wewe uwe juu mtini. Hapo ndipo utakufa na kiu. Ni kwa sababu hiyohiyo pampu za visima virefu, kama vile vya mradi wa maji wa Kimbiji na Mpera, huzamishwa chini kabisa ziyasukume maji juu. Kuyavuta kutoka juu haiwezekani.

Nazi ikichomoka kutoka mita 20, inafika chini kwa sekunde 2 tu, ikiwa na kasi ya karibu kilometa 70 kwa saa. Kidaka kikichomoka pamoja nayo, chepesi kama kilivyo, kinatua karibu wakati uleule. Huamini? Mwaka 1971 mwanaanga David Scott alisimama mwezini, kusiko na hewa, akaachia nyundo na unyoya kwa pamoja. Vilifika chini pamoja, dunia nzima ikitazama kwenye televisheni.

Wanaokwenda na maji ya bamvua kusaka pweza, hii ni yenu. Pweza akitaka kukimbia, hufyatua maji kwa nguvu upande mmoja, naye anachomoka upande wa pili. Roketi ya Malindi ilipaa kwa kanuni hiyohiyo. Ana mioyo 3, na akiogelea hivyo mkubwa wao husimama! Ndiyo maana huchoka upesi, na akiwa hana haraka anapendelea kutambaa miambani.

Na bamvua yenyewe je? Mwezi uko kilometa 384,000 kutoka hapa, lakini uvutano wake ndio unaoongoza kupanda na kushuka kwa bahari ya Dar es Salaam, kwa zaidi ya mita 3 siku za bamvua. Jua lina uzito wa mwezi mara milioni 27, halafu mchango wake kwenye kujaa na kupwa haufiki hata nusu ya ule wa mwezi. Umbali umelinyima.

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Profesa Geoffrey Maloiy wa Kenya na wenzake, waliowapima wanawake wa Kiluo wanaobeba mizigo kichwani na wa Kikikuyu wanaoibeba mgongoni kwa mkanda wa kwenye paji la uso. Ikaonekana kwamba mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili hauwaongezei gharama yoyote ya nguvu. Sufuri! Mama wa kilo 60 anatembea na kilo 12 kichwani, na mwili wake unatumia nguvu ileile ya kutembea mikono mitupu. Miaka iliyofuata wakagundua kwamba siri imo kwenye mwendo wenyewe: kwa kila hatua, wanawake hao hupoteza nguvu kidogo kuliko sisi wengine. Mzigo ukizidi hapo gharama inaanza kupanda, kwa hiyo usimtwike mtu ndoo ya lita 20 ukasema Nature imeruhusu.

Kituko zaidi: kwa hesabu ya fizikia, ukitembea tambarare na ndoo kichwani kwa mwendo uleule, hujaifanyia ndoo hiyo kazi yoyote. Unaisukuma juu, yenyewe inakwenda mbele, na hesabu inatoa sufuri. Mimi simwambii mama hilo, mwambie wewe.

Dada mwenye viatu vya kisigino kama sindano anaikandamiza ardhi kuliko tembo, kwa kila sentimita ya mraba. Uzito wa tembo wa tani 4 umetandazwa kwenye nyayo pana mno, ukagawanyika mpaka kilo moja hivi. Kisigino kile kinaweza kufika 30! Mchanga wa pwani unazijua habari hizi, viatu vinazama.

Sarafu ya shilingi 200 ukiidondosha Magogoni inazama mara moja, huku kivuko cha chuma kinavuka kimejaa watu na magari. Kivuko kinayasogeza maji yenye uzito sawa na wake wote, abiria na pikipiki zao humohumo. Sarafu haina nafasi ya kusogeza maji yenye uzito sawa na wake.

Ukianguka kwenye bodaboda iliyo kwenye kilometa 30 kwa saa, kishindo chake ni sawa na kudondoka kutoka mita 3.5. Kwenye 60 je? Utasema mita 7. La! Ni mita 14, jengo la ghorofa nne. Kasi ikizidi mara mbili, kishindo kinazidi mara nne, na breki nazo zinahitaji mara nne ya umbali. Mgongo wa barabara ya Kibada kwenda Kimbiji haujui kwamba una haraka, kwa hiyo helmeti ifungwe kidevuni.

Septemba 2025, mjini Tokyo, Alphonce Simbu wetu alikimbia kilometa 42 na zaidi, kwa saa 2 na dakika 9, akachukua dhahabu ya dunia. Alimpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03! Kwa kasi waliyomalizia, hiyo ni kama urefu wa kiganja chako.

La mwisho unaweza kulijaribu sasa hivi. Chukua mayai mawili, bichi na la kuchemsha, yazungushe mezani, kisha yasimamishe kwa kidole na kuachia papo hapo. La kuchemsha litatulia. Bichi litaanza kuzunguka tena lenyewe, maana uji wa ndani haukuwahi kusimama! Ukishayatambua, lile la kuchemsha limenye, tia kachumbari na pilipili, ule.