Ganda la mpunga, blanketi ya enzimi

Kila mchimbaji wa dhahabu anajua kazi ya blanketi. Unamwanga mchanga na maji juu ya ubao. Maji inaenda, dhahabu inabaki mu manyoya. Bila blanketi, jasho lote linaenda na mto.

Watu wa kemia nao wako na shida hiyo. Enzimi ni protini yenye kuharakisha kazi ya kemia, kama kukata vitu vikubwa kuwa vidogo, na yenyewe haiishi. Lakini ukiitia mu maji, ni vigumu kuitoa tena: inamwangwa nayo, na bei yake ni kali. Dawa ni kuishikiza juu ya kitu kigumu. Mu 1916, Nelson na Griffin, kule New York, waliona enzimi ya sukari ikishikamana na makala na bado inafanya kazi.

Vishikizo vya kiwanda ni ghali. Ndiyo maana watafiti wanajaribu vyenye kutupwa: maganda ya mpunga, makapi ya miwa, magunzi ya mahindi. Hapa Kasenga hatuko mbali navyo; bonde la Ruzizi linalima mpunga na miwa.

Faida kwetu ni gani? Angalia bugali. Mihogo michungu iko na sumu ya sianidi. Enzimi ya muhogo wenyewe, linamaraze, ndiyo inafungua sumu ile itoke, kama mihogo imelowekwa siku 3 ao 4. Mwenye kuharakisha juu machimbo yanangoja unga, anaacha sumu ndani. Hapo ndipo konzo inatokea: miguu inalemaa kwa maisha yote, zaidi ya watoto na wamama. Burhinyi, humu Kivu ya Kusini, wameiona.

Howard Bradbury, mtaalamu wa Australia, alishikiza linamaraze juu ya kipande cha karatasi. Unakitia mu kichupa na unga kidogo na maji, pamoja na karatasi ya manjano, unafunga. Kesho yake, manjano ikigeuka kahawia, sumu iko. Karatasi ni nyuzi za mmea tu, sawa ganda la mpunga: kishikizo cha bei ndogo kinatosha kulinda miguu ya mtoto.

Hauna kipimo? Mama, lowesha unga, utandaze mwembamba, saa 2 juani ao saa 5 kivulini, kisha songa bugali siku ileile. Wamama wa Kay Kalenda, kule Kwango, walifanya hivyo. Enzimi yenye kubaki mu unga itapunguza sumu.